Kahawa ya Kulalia

Mimi ni muadhini wa msikiti mdogo hapa Mji wa Kale, Mombasa. Kazi yangu ni kuwaamsha watu kabla hakujapambazuka, na sasa daktari amenikataza kahawa. Moyo wangu siku hizi unakwenda kombo, unaruka pigo moja kisha unafidia kwa mawili ya haraka, naye anasema kafeini inauchochea. Binti yangu anayeishi Ujerumani akaniletea pakiti za kahawa iliyotolewa kafeini. Hiyo ndiyo ninayoinywa, barazani, mbele za watu, bila haya.

Mzee mwenzangu mmoja, mtu wa elimu kunishinda, aliionja akakunja uso. "Sheikh," akasema, "kunywa kitu hiki ni sawa na kutia udhu ukaenda kulala."

Alidhani amenimaliza. Nikamkumbusha kwamba kutawadha kabla ya kulala ni sunna, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetusomesha. Baraza lote likacheka. Lakini swali lake lina uzito kuliko kicheko chetu. Kitu kikiondolewa kile ambacho watu walikitafutia, kimebaki nini cha kutafutwa?

Maana kahawa iliingia kwetu kwa mlango wa kukesha. Masufi wa Yemen, karne ya 15, waliinywa ili usingizi usiwavunjie dhikri za usiku. Imepokewa kwamba katika duara zao walikuwa wakilitaja jina la Mwenyezi Mungu, Ya Qawiyyu, mara 116, kwa kuwa ukihesabu herufi kwa abjadi, qahwa ni 116 na Qawiyyu vilevile ni 116. Hapo ndipo mimi huwapendea watu hawa. Kikombe wanacho mkononi, kafeini imo tele, na bado nguvu wanamwomba Mwenye Nguvu. Nami nikikaa na kikombe changu kitupu cha nguvu, sioni kama nimetoka nje ya duara lao.

Halafu kuna ile kesi ya Makka ya mwaka 1511. Kha'ir Beg, muhtasibu wa mji, aliona usiku watu wamekusanyika karibu na msikiti, taa zimewashwa, wanapokezana kikombe. Akaita wanavyuoni, akaleta na matabibu wawili ndugu watoe ushahidi kwamba kahawa inadhuru mwili, ikapigwa marufuku. Habari ilipofika Kairo kwa Sultani Qansuh al-Ghawri, jibu lililorudi lilikuwa laini zaidi: lilikataza yale makusanyiko yenye mambo maovu, ila kinywaji chenyewe halikukiharamisha. Mimi hujiuliza, lau ningefikishwa mbele ya muhtasibu yule na pakiti yangu, wale matabibu wangesema nini? Wasingekuwa na la kusema. Na bado tungekamatwa sote, kwa sababu baraza liko palepale. Kilichomkera ni watu kukaa pamoja usiku wakazungumza. Hilo halitolewi kwa mashine.

Utoaji wenyewe ulianzia Bremen, mwanzoni mwa karne iliyopita. Mfanyabiashara Ludwig Roselius aliamini kahawa ndiyo iliyomuua baba yake, aliyekuwa muonjaji wa kahawa. Akatafuta njia: buni mbichi zinapigwa mvuke mpaka zivimbe, kisha kafeini inavutwa nje kwa benzini. Benzini! Wazee wa Ulaya walikunywa hivyo miaka mingi. Leo hutumika maji, au gesi ya kaboni iliyogandamizwa kwa nguvu, au viyeyushi vingine. Bwana mmoja alinishika mkono baada ya Isha akataka kujua kama wameitoa kwa pombe. Nikamsomea maandishi ya pakiti: gesi ya kaboni. "Aa, ile ya soda," akasema, akanywa viwili. Sikumwambia kwamba kafeini ikishatolewa huuzwa, nyingine kwa watengenezaji wa dawa na nyingine kwa hao hao wa soda.

Kuna wanaosema huku ni kuharibu maumbile, kwamba Mungu aliitia kafeini ndani ya buni kwa hekima yake. Hoja hii hainitikisi. Katika misitu ya pwani yetu, Kenya na Tanzania, unaota mbuni wa mwituni ambao wataalamu wa mimea huuita Coffea pseudozanguebariae, na buni zake hazina kafeini tangu kuumbwa. Umekaa huko siku zote na hakuna muuza kahawa aliyewahi kutuchemshia. Uchungu wake, wanasema, ni mkali mno.

Na ladha ya hii ya pakiti? Nitasema kweli: ni nyepesi. Ninaichemsha mwenyewe juu ya mkaa, tangawizi nimeiponda na ngozi yake, iliki nimezipasua, naiacha ifure mara tatu kabla ya kuiepua. Ukiimimina, rangi ni ileile na harufu inafika mpaka kwa jirani. Ila ukishameza hakuna kinachobaki ulimini. Kosa si la kukosa kafeini, kwani kafeini huchangia sehemu ndogo tu ya uchungu wa kahawa. Ni kule kuoshwaoshwa, mengine mema yakaondoka nayo. Kwa kashata inafaa. Peke yake, hapana.

Lakini nisipewe utakatifu ambao si wangu. Kumi la mwisho la Ramadhani, vijana wanakunywa ile ya kweli baada ya tarawehe, kisha wanasimama usiku wa manane mguu haujatikisika. Mmoja akaniambia ibada yangu ni safi zaidi kwa kuwa sisaidiwi na dawa. Nikamkatalia. Anayekula daku hatumwambii kwamba amefunga nusu. Sababu zimeumbwa tuzitumie, na mimi sababu yangu ni kulala mapema nikaamshwa na simu.

Ninachokipata kwa kikombe changu ni nafasi ya kukaa. Barazani kwetu asiye na kikombe ni mpita njia. Atasalimiwa, ataulizwa hali, kisha watu watamngoja aondoke. Mara ya kwanza nilipojaribu kukaa mikono mitupu nilijikuta natazama saa. Ikiwa pakiti ya Ujerumani inaninunulia saa moja ya mazungumzo baada ya Magharibi, bei yake, ambayo si ndogo, nailipa.

Jambo moja tu sijalimaliza. Kijana anayetuuzia kahawa, yule wa kugonganisha vikombe, alisikia habari hizi akaniuliza kama naye aanze kuuza hii, maana wazee wenye presha ni wengi. Nikamwambia aweke wazi. Dereva wa tuktuk anayeingia kazi ya usiku ananunua macho. Ukimpa hii kimyakimya umefanya ghushi, hata kama ladha ni moja, na akisinzia njiani dhima ni yako. "Chukua madele mawili," nikamwambia, "moja funga kitambaa, kila mtu ajue."

Akatazama dele lake, akatazama ndoo ya vikombe. "Babu," akasema, "mkono wa tatu utanipa wewe?"