Ndevu Zangu Si Deni Lako

Watu wawili wameshaniuliza swali linalokaribiana. Wa kwanza aliuliza kwa hasira: "Ukinyoa ndevu, si unatudanganya?" Wa pili, rafiki yangu ambaye ni mwanamke trans kama mimi, aliuliza kwa upole: "Kwani bila wembe wewe si mwanamke?" La kwanza nina jibu lake. La pili linaninyima usingizi.

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo usitarajie majina ya wanafalsafa hapa. Nitaanza na wembe.

Homoni za kike hulainisha ngozi na kupunguza nywele za mwilini, lakini ndevu zikishaota hazirudi ndani. Lazima uziondoe. Na kwa wengi wetu hapa Nairobi, kazi hiyo hufanyika ndani ya keja, mlango umefungwa. Kwa kinyozi utaulizwa mbona hutaki kuachiwa hata kidogo. Saluni utaulizwa mbona unazo. Nyumbani hakuna wa kuuliza.

Wembe ni rahisi na unapatikana kila duka, ila nywele zetu zimejikunja. Ukizikata karibu sana na ngozi, ncha hujipinda na kuingia tena ndani, halafu unabaki na vipele na madoa meusi. Ndiyo maana unaanza na maji ya moto na povu, unafuata nywele zinakoelekea, na huvuti ngozi. Krimu za kuondoa nywele huziyeyusha kwa kemikali, na ngozi ya uso huungua haraka kuliko ya mguu. Nta hung'oa na mzizi, lakini lazima nywele ziwe zimerefuka kidogo ndiyo ishike. Yaani kabla ya uso laini, kuna siku kadhaa za kutembea na kile hasa unachotaka kuondoa.

Halafu kuna mashine za mwanga za nyumbani, zinazoitwa IPL. Mwanga wake hutafuta rangi nyeusi ya unywele na kuuchoma mzizi. Shida ni kwamba rangi hiyohiyo iko kwenye ngozi yetu, na mashine haijui tofauti. Maelezo ndani ya boksi huwaonya wenye ngozi nyeusi sana wasiitumie. Kuna aina ya leza, Nd:YAG, inayofaa ngozi nyeusi, lakini hiyo ni ya kliniki na ni ya wenye doo. Elektrolisisi nayo hutia sindano nyembamba yenye umeme kwenye kila unywele, mmoja baada ya mwingine. Daktari wa macho Mmarekani, Charles Michel, aliandika kuihusu mwaka wa 1875, akiitumia kwa kope zinazoota kuelekea jichoni. Inamaliza nywele kabisa, lakini uso mzima unaweza kuchukua zaidi ya mwaka.

Sasa turudi kwa yule mwenye hasira. Anasema uso wa kweli ni ule unaoota wenyewe. Lakini kucha pia huota zenyewe. Wanaume hunyoa kila asubuhi wakienda kazini na hakuna anayewaita waongo. Kuna wanawake wengi ambao si trans wanaoota ndevu kwa sababu ya homoni zao, nao huzing'oa kimyakimya. Huko Pwani bi harusi huondolewa malaika mwilini, asuguliwe singo, apakwe hina, na watu hupiga vigelegele. Hebu angalia hilo neno: nywele laini za mwili tunaziita malaika, na bado tunaziondoa bila kuona tumemkosea mtu. Kwa hivyo hoja si nywele. Hoja ni nani anayeziondoa.

Udanganyifu unahitaji deni. Nikikuuzia simu mbovu nikasema ni nzima, nimekudanganya, kwa sababu ulikuwa na haki ya kujua. Abiria mwenzangu kwenye matatu ana haki gani juu ya kidevu changu? Mpenzi, sawa, huyo namdai ukweli na yeye ananidai. Lakini anachonidai ni maneno yangu. Naweza kumwambia mimi ni nani nikiwa nimenyoa. Ukweli hausemwi na ndevu.

Wengine hawaongelei uongo, wanaongelea anasa. Wanasema nchi ina shida kubwa kuliko nyuso zetu. Hao ningewasimulia habari ya eflornithine. Ni dawa ya malale, ule ugonjwa wa mbung'o unaoua watu Congo na uliofika hadi kaskazini magharibi mwa Uganda. Miaka ya tisini utengenezaji wake ulisimama, maana wagonjwa walikuwa maskini na hakukuwa na faida. Kisha mwaka wa 2000 kemikali hiyohiyo ikaidhinishwa Marekani kama krimu ya kupunguza kasi ya ndevu za wanawake. Watu wakapiga kelele: inawezekanaje ipo kwa ndevu na haipo kwa uhai? Mwaka wa 2001 watengenezaji wakakubaliana na Shirika la Afya Duniani kuitoa tena kwa wagonjwa. Aibu ilikuwa ya waliopanga bei. Sioni kosa la mwanamke aliyepaka krimu.

Linabaki swali la rafiki yangu. Yeye alichoka na wembe akaacha, anavaa dera lake na ndevu zake. Anasema kila tunaponyoa tunakubali kwamba mwanamke ni uso laini, na tunamwacha nyuma yule asiye na pesa ya leza au ambaye ngozi yake haivumilii. Anachosema kina uzito. Siwezi kujifanya ninanyoa kwa raha yangu pekee, wakati najua stejini uso wenye ndevu ndogo unaweza kuniletea kipigo.

Lakini pia najua kwamba siku ambazo sitoki, hakuna wa kuniona, bado nanyoa. Ninaona kwenye kioo mtu ninayemfahamu, na siku inaanza. Hiyo si hofu.

Kwa hivyo nimefika hapa: kunyoa ni haki yangu, kamwe kusiwe kipimo. Kosa la kimaadili linaanza pale ninapomtazama dada mwenye ndevu na kufikiri mimi ni zaidi yake. Na linaanza kwako pale unapomwita "dada" aliyenyoa vizuri peke yake. Nikitoka na rafiki yangu, mama mboga huniita mimi "mrembo" na yeye "kijana". Siku hizi simshukuru mpaka atuite sote wawili.