Dili Gani?

Kijana wa Rusimbi akisema "nimepata dili," bado hujajua kitu. Huenda amepata kibarua cha kushusha magunia bandarini. Huenda amepata mteja wa madumu kumi ya mawese. Huenda ametumwa kuvusha mzigo usiotakiwa kuonekana mchana. Sentensi ni ile ile, tabasamu ni lile lile, na sisi tunaomsikiliza tunajibu vile vile: "Hongera, usitusahau."

Neno tumelichukua kwa Waingereza, "deal" yao, halafu tukalifanyisha kazi kwelikweli. Hebu tuhesabu. Dagaa wakiadimika, dagaa ni dili, yaani wanatafutwa na bei imepanda. Shati likipitwa na wakati, siyo dili tena. Mchezaji akisajiliwa na klabu ya nje, magazeti ya michezo yanaandika kwamba amepata dili. Watu wakikaa kupanga jambo wanasuka dili. Likifanikiwa limetiki, likiharibika limebuma. Mwenye hela na kazi isiyoeleweka ni mtu wa madili. Mwalimu anadili na watoto watundu, lakini mkorofi akikwambia "nitadili na wewe," jiandae.

Halafu kuna kupiga dili. Hapo utadhani mambo yamekuwa wazi: kupata dili ni bahati, kupiga dili ni kula kisicho chako. Lakini wapi! Mtu anauza kiwanja chake mwenyewe, hati anayo, majirani wameshuhudia, na jioni anatamba kijiweni kwamba leo kapiga dili la maana. Mwizi na mwenye haki yake wanatembea na neno moja mdomoni.

Maneno tuliyokuwa nayo kabla yalikuwa na sura. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, serikali iliendesha kampeni dhidi ya wahujumu uchumi. Wakati ule walisemwa walanguzi, ikasemwa magendo. Kubali au kataa namna kampeni ile ilivyoendeshwa, maneno yenyewe yalikuwa yanahukumu. Ni vigumu kumfikiria mume akirudi nyumbani na kumwambia mkewe kwa furaha, "Leo nimefanya ulanguzi." Baada ya 2015, Rais John Magufuli alipowasema wapiga dili hadharani, neno lilipata aibu upande mmoja tu. Upande wa pili liliendelea kucheka. Watu walilaani wapiga dili asubuhi, jioni wakaulizana kama kuna dili lolote mjini.

Kuna utetezi hapa, na una uzito. Asiye na mshahara hana maneno mengi ya kuitia riziki yake. "Ajira" hana. "Kibarua" kinamshusha. "Dili" linamwinua kidogo: linasema nimetumia akili, nimeiona nafasi, nami nimo. Kumnyang'anya neno hilo kwa jina la maadili ni ukatili.

Tatizo ni nani mwingine anajifunika shuka hiyo hiyo. Ofisa aliyekula fedha za dawa za zahanati naye anaita dili, na ukimgusa anasema, "Ndugu yangu, sote tunatafuta." Hapana. Hatutafuti kitu kimoja. Aliyebeba magunia mpaka mgongo ukauma hakumpunguzia mtu chochote. Neno limempa mkubwa mahali pa kujificha nyuma ya mdogo, na mdogo hana habari kwamba anatumika.

Lakini tusimtupie Mwingereza lawama zote. Katika karne ya 19 Ujiji kilikuwa kituo kikubwa cha misafara. Pembe za ndovu na watu waliokamatwa ng'ambo ya ziwa walipitishwa hapa kuelekea Tabora, hadi pwani. Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, mambo hayo yalikuwa yakiendelea. Kwa Kiswahili nayo ilikuwa biashara, neno letu la heshima kabisa. Aliyenunua chumvi ya Uvinza na aliyenunua mtoto wa mtu, wote wafanyabiashara. Neno safi halikumwokoa aliyefungwa shingo. Wawili walikubaliana bei, wakaridhika. Wa tatu, ambaye ndiye aliyekuwa akiuzwa, hakuulizwa.

Sasa, jambo moja kuhusu neno lenyewe. Katika Kiingereza cha kale lilimaanisha fungu, sehemu ya kitu kilichogawanywa. Ndiyo maana mpaka leo Waingereza wanalitumia kwa kugawa karata. Na fungu sisi tunalijua. Nenda sokoni uone samaki walivyopangwa kwa mafungu. Ukiongeza samaki wawili kwenye fungu hili, kuna fungu limepungua. Hakuna uchawi hapo. Kwa hiyo kuuliza "dili gani?" ni kuuliza: fungu lako limetoka kwenye fungu la nani?

Chukua Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane. Fikiria mtu anaingia ziwani usiku kwa kuiba na mnunuzi anamsubiri. Wote wawili wameridhika, bei nzuri, hakuna aliyedanganywa. Lakini yuko mvuvi mwenzao aliyetii, nyavu zimekunjwa ndani, na watoto wanakula kwa kubahatisha. Yuko pia mtoto atakayelitegemea ziwa hilo miaka ishirini ijayo. Hao hawakuwapo mapatano yalipofanyika, ila fungu lao ndilo lililouzwa.

Kwa hiyo neno tubaki nalo, limeshakuwa letu. Ila liambatane na swali. "Dili gani, mwanangu?" si tuhuma. Mwenye madumu ya mawese atajibu mbele ya baraza zima, tena atakutajia na faida. Atakayesema "we acha tu, mama," ameshajibu.

Ugumu uko kwetu wanaouliza. Swali hilo ni jepesi kabla hela haijaingia. Sukari ikishafika jikoni na ada ya mdogo wake ikishalipwa, linakuwa zito mdomoni. Na hapo ndipo tunaposema, "Hongera, usitusahau," tukijua fika kwamba hatakusahau, na kwamba fungu lake sasa ni letu pia.