Chambo Alikuwa Mtu



Hapa Arusha, pale Lakilaki, ndipo zilipo ofisi za mahakama iliyorithi kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda. Félicien Kabuga alitafutwa miaka mingi. Mwaka 2002 Marekani ikatangaza zawadi ya hadi dola milioni 5. Januari 2003 FBI wakaandaa mtego Nairobi. Chambo alikuwa William Munuhe, kijana Mkenya aliyesema anaweza kumleta Kabuga nyumbani kwake Karen. Kabuga hakukamatwa. Munuhe alikutwa amekufa humo ndani, na serikali mpya ya Kibaki ikaachiwa swali: nani alikuwa akimkinga Kabuga? Alikuja kukamatwa 2020 karibu na Paris. 2023 majaji wakaona akili yake imechoka mno kwa kesi.

Darasani tulibishana sana. Mwenzangu akasema, “Jamaa alijitolea mwenyewe, tena kwa hela. Rwanda walikufa malaki!” Hoja nzito jamani, nilikosa jibu siku kadhaa. Mtego wenyewe siupingi. Lakini ridhaa ya Munuhe ilihusu maisha yake yeye. Haikuwaondolea waliopanga wajibu wa kumlinda. Ukianza kumweka mtu kwenye mizani, mmoja huku na malaki kule, atapoteza kila mara. Kaiafa alipiga hesabu hiyohiyo. (Na hesabu yake, kwa namba tu, ilikuwa sahihi.)

Jumuiya yetu ikiwaombea marehemu wa Rwanda, namtaja na Munuhe. Wengine huuliza ni nani.