Je, Siku ya Mama wa Nyumbani ni Mali ya Nani?



Dada mmoja aliyeingia katika Jumuiya yetu miaka michache iliyopita ameniuliza swali ambalo mwanzoni nililiona dogo, na kila nilirudiapo naliona kubwa zaidi. Yeye ni mama wa watoto watatu. Kazi zote za nyumba zi mikononi mwake, na juu ya hizo amejitwika kuwafundisha wanawe Kurani Tukufu, sala na habari za dini, maana yeye mwenyewe hakulelewa katika Uislamu na hataki waanze ukubwani kama alivyoanza yeye. Amejaribu ratiba tatu. Ya kwanza aliipata kwa jirani, ya pili katika kitabu, ya tatu aliitunga mumewe. Zote zilivunjika. Sasa auliza: Je, kupanga siku saa kwa saa si kukosa tawakali kwa Mwenyezi Mungu? Na kama si hivyo, mtu asiyeweza kushika ratiba astahili kweli kuwa mwalimu wa dini wa watoto wake?

Hayo ni maswali mawili, ingawa ameyafunga kwa kamba moja. La kwanza halitatuchelewesha. Katika mkusanyo wa Tirmidhi imepokewa kwamba mtu mmoja alimwuliza Mtume Mtukufu s.a.w. kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Mungu, naye akaambiwa afunge kisha ategemee. Kurani Tukufu nayo yaamuru kila nafsi iangalie inachokitanguliza kwa ajili ya kesho (59:19), na mahali pengine yakataza mtu kusema atafanya jambo kesho bila ya kulitegemeza kwenye mapenzi ya Mungu (18:24-25). (Wale wanaoanza kutusoma wakumbuke kwamba sisi twahesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza ya sura.) Basi kesho yapasa kupangwa, na aipangaye aseme Inshallah kwa moyo, si kwa ulimi tu. Tawakali huanza pale mkono unapoishia kufunga kamba.

Swali la pili ni zito, nami siwezi kulijibu bila kukiri kosa langu.

Nilipohamia chuo hiki cha ng'ambo kufundisha, watoto wangu waliingia shule ambayo Kiswahili hakisemwi kabisa. Tuliona wazi kwamba lugha ya bibi yao itawatoka wasipofundishwa nyumbani, na masomo ya dini vilevile. Mke wangu akaichukua kazi hiyo. Mimi, kwa kudhani namsaidia, nilimwandikia ratiba nzuri kwa wino wa rangi mbili, mfano wa ile ya chuoni: kipindi cha dakika arobaini, mapumziko, kipindi kingine. Nikaibandika ukutani jikoni. Haikumaliza siku tisa. Siku ya kwanza maji yalikatika; siku ya tatu mtoto alishikwa na homa; siku ya tano nilileta wageni wanne bila taarifa; na siku ya tisa nilimwuliza, kwa sauti ambayo leo naionea haya, kwa nini ratiba haifuatwi. Hakujibu. Alinyosha kidole kwenye sufuria iliyokuwa motoni kwa ajili ya wageni wangu wengine.

Ndipo nikaelewa jambo ambalo miaka yote ya masomo haikunifundisha. Ratiba ya chuo hushikika kwa sababu nyuma yake yuko mtu anayepika, anayefagia, na anayempokea mgeni mlangoni. Mwalimu hulindwa asikatizwe. Mama halindwi, na mara nyingi anayemkatiza ni yule yule aliyemwandikia ratiba.

Hadithi mashuhuri iliyomo katika Bukhari yasema kwamba kila mmoja wetu ni mchungaji na ataulizwa juu ya alichokichunga, na mwanamke ametajwa humo kuwa mchungaji katika nyumba ya mumewe. Twaisoma mara nyingi kumkumbusha mwanamke wajibu wake, lakini ni nani aliyemwona mchungaji akiwaambia kondoo wasipotee mpaka saa nne na nusu? Kazi ya mchungaji ni kuitwa huku na huku. Akikatizwa hajashindwa kazi. Kuitikia ndiyo kazi yenyewe. Kwa hiyo dada yetu anajihukumu kwa mizani ya kazi isiyo yake.

Wako watakaoniletea habari ya Bibi Fatima r.a., ambaye mikono yake iliumia kwa kusaga, akaenda kuomba mtumishi, naye akafundishwa na baba yake s.a.w. kumtukuza na kumsifu Mungu wakati wa kulala. Habari hiyo ni sahihi na ni tamu. Lakini anayemsomea mkewe habari hiyo amsomee pia ile ya Bibi Aisha r.a., aliyeulizwa Mtume s.a.w. alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ulipofika alitoka kwenda kusali. Anayechukua ya kwanza na kuiacha ya pili hajafundisha Sunna. Ametafuta hoja ya kukaa kitini.

Sasa nieleze kilichofanyika baadaye, si kama sheria, maana nyumba hazifanani. Mke wangu aliiondoa karatasi yangu akanunua daftari la kawaida la shule. Saa hakuziandika. Aligawa siku kwa zile nyakati tano ambazo Mungu Mwenyewe ameziwekea waaminio (4:104). Baada ya Alfajiri, kabla ya chai, robo saa ya Kaida Yassarnal Kurani, kile kitabu cha kuanzia kusoma kilichotungwa na Pir Manzoor Muhammad na kinachotumiwa katika nyumba nyingi za Waahmadiyya. Baada ya Alasiri, Kiswahili: mmoja asoma kwa sauti huku mama akichambua mchele, mdogo ahesabu maharage. Baada ya Magharibi, kisa kimoja cha dini. Hata zile siku ambazo sharia imemsamehe mwanamke sala, nyakati hazikomi kuingia, na daftari laendelea. Ndugu walioko Ulaya watahitaji kurekebisha: London jua hutua baada ya saa tatu usiku mwezi wa Juni, na mwezi wa Desemba hutua kabla ya saa kumi alasiri. Kisa cha Magharibi hakiwezi kukaa mahali pamoja mwaka mzima.

Kila ukurasa wa kulia ameandika yale yasiyongoja, nayo hayapati kuzidi matatu. Kushoto ni yale yanayoweza kungoja, na hayo hungoja bila ya kuonewa haya. Mtume s.a.w. ametufundisha kwamba amali impendezayo Mungu zaidi ni ile idumuyo, ijapokuwa kidogo. Mistari miwili ya Kurani kila alfajiri kwa mwaka mzima yampeleka mtoto mbali kuliko kipindi cha dakika arobaini kilichokufa siku ya tisa.

Nisieleweke vibaya: simwambii mzazi yeyote amtoe mtoto shuleni. Nchini Marekani elimu ya nyumbani imeruhusiwa katika majimbo yote tangu 1993, lakini Tanzania, kwa mfano, Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 imemlazimu mzazi kumpeleka mtoto shule ya msingi. Mafunzo ninayoyasema ni yale ambayo shule haitayatoa, popote uishipo.

Basi dada, wastahili. Ratiba zile tatu zilivunjika kwa kuwa zilikuwa nguo za watu wengine. Anza na jambo moja baada ya sala moja, kwa mwezi mmoja, na mwonyeshe mumeo ukurasa huu ili naye aandike lipi atalichukua. Mimi nilichukua vyombo vya jioni na kuwapokea wageni wangu mwenyewe; na nikitaka kumleta mtu nyumbani, hulitazama kwanza daftari. Juma lililopita ukurasa wa kulia ulikuwa na neno moja tu, "Homa", nami nikawapeleka wageni mkahawani.