HAKI YA MWILI JUU YA MWENYE KUKAA

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Yuko mtu ambaye mchana huketi dukani, na tangu alasiri hata isha huketi barazani. Akiambiwa, "Inuka utembee," hujibu: "Mwili ni wangu, na kukaa si haramu." Je, neno lake ni sawa?

Ama kukaa, kwa asili yake ni halali. Lakini mwili si milki ya mtu, bali ni amana. Mtume (s.a.w.) alimfahamisha Abdullahi bin Amr kuwa mwili wake una haki juu yake, na alimwambia hayo alipokuwa akizidisha saumu na kisimamo cha usiku. Basi haki isiyopasa kupotezwa kwa ibada, itapotezwaje kwa uvivu?

Tena aitazame sala yake. Kusimama katika faradhi ni nguzo kwa mwenye kuweza. Asiyeweza husali kwa kukaa. Wanazuoni wa Kishafii wameeleza kuwa mtu aliyeruka pasipo haja akavunjika mguu, sala yake ya kukaa yasihi wala hailipi. Lakini kusihi sala ni jambo moja, na kuulizwa kwa nini aliuvunja mguu ni jambo jingine. Na aliyeyaacha magoti yake yakalegea miaka ishirini, huyo naye ameruka, illa ameruka polepole. Ama mzee na mgonjwa wana udhuru wao, wala jirani asiwahukumu.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa yampasa mtu mzima kila juma apate dakika 150 hata 300 za mwendo wa wastani, apunguze na kukaa. Na kwamba kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa. Nusu saa kwa siku tano yatosha kufikia dakika 150. Nao Bani Salima walipotaka kuhamia karibu na msikiti, Mtume aliwaambia wakae makwao, kwani hatua zao zaandikwa.

Basi mvivu husaidiwaje? Si kwa kuchekwa barazani, nao wamchekao wote wameketi! Husaidiwa na jirani ampitiaye mlangoni kabla ya alfajiri, wakafuatana kwa miguu. Leo msikiti wa karibu, mwezi ujao wa mbali. Amali ipendezayo kwa Mungu ni ile yenye kudumu, ijapokuwa ni chache.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.