Huruma ya Elfu Saba

Bodaboda alinigonga kwa nyuma pale Runyenjes, nikitoka Meru kwenda Embu. Taa ikavunjika, bampa ikabonyea. Kijana hakuwa na leseni wala bima, ingawa Sura ya 405 ya sheria za Kenya inamlazimu kila mwenye gari au pikipiki kuwa na bima ya kuwafidia wengine. "Mkubwa, si tuongee tu," akaniomba, akaniachia namba.

Mimi nina bima kamili. Lakini kudai kunataka abstrakti ya polisi, na hiyo ingelaza pikipiki yake stesheni. Nikamwacha aende. Nikajiona mtu mwema hadi Embu mjini.

Huko fundi akanipigia hesabu: 22,000. Katika bima yangu, 15,000 za kwanza najilipia mwenyewe. Yaani ningepata elfu saba, halafu nipoteze punguzo la kutodai, ambalo linazidi hapo. Kumbe hata bila huruma nisingedai! Na nakumbuka vizuri: kabla ya kumtazama usoni, nilitazama bampa. Ingekuwa hasara ya laki mbili, je?

Rafiki yangu ananiambia niache kuchimbua, mtu si alienda nyumbani? Labda. Jana kijana amenitumia 500 kwa M-Pesa. Sijazirudisha.