Nani Achague Gari la Nyumba?



Kisiwa cha Wasini hakina barabara ya gari. Mtu wa huko akinunua gari hulilaza ng'ambo, Shimoni, kisha yeye huvuka kwa mashua kwenda kulala kwake. Ndiyo sababu swali letu la leo huonekana wazi zaidi huko kuliko mjini. Ikiwa mke anakaa kisiwani, hajui kuendesha, na gari lenyewe atalipanda mara chache tu, je, ana haki gani ya kulichagua?

Wengi watajibu upesi kwamba dereva ndiye ajuaye magari, basi achague yeye. Ngoja kwanza, ndugu msomaji.

Tuchukue mfano. Mume anafanya kazi hotelini Diani, hurudi nyumbani siku ya mapumziko. Mke yuko Wasini na watoto, huwapikia wageni wanaokuja kutazama matumbawe, na kwa miaka kadhaa ameweka akiba katika chama. Fedha za wote wawili ndizo zitakazonunua. Wameonyeshwa magari mawili madogo ya petroli: Toyota Vitz ya injini ya lita 1, na Nissan March ya lita 1.2. March imepungua bei kwa sh. 60,000, na mume ameipenda.

Basi wahesabu. Tuseme watakwenda kilomita 600 kwa mwezi, Vitz ikienda kilomita 15 kwa lita moja na March kilomita 12. Hizo ni lita 40 na lita 50. Petroli ikiwa sh. 180 kwa lita, March itakula sh. 1,800 zaidi kila mwezi, yaani sh. 21,600 kwa mwaka. Zile 60,000 zitakuwa zimeliwa kabla ya miaka mitatu kwisha. Haya ni makadirio tu. Waulizeni madereva wawili watatu wenye magari hayo, wala msimtegemee muuzaji. Tena spea za Toyota hupatikana karibu kila mji wa Kenya, na siku ya kuliuza mnunuzi hakosekani. Lakini Vitz nayo ina yake. Nyingi za toleo la pili, lililotoka mwaka 2005, zina giaboksi ya CVT inayotaka mafuta yake maalumu. Aliyetia mafuta mengine ili kubana fedha huenda amekwisha kuiharibu, na wewe ndiwe utakayelipa.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo magari ya umri huu yamekuwa yakitembea hapa hapa kwetu siku nyingi. Ulizeni yametunzwa na nani, na wapi. Fundi wenu, si wa muuzaji, alale chini atafute kutu, maana hewa ya chumvi haina huruma. Injini iwashwe ikiwa baridi. Moshi wa buluu maana yake inachoma oili. March iliyotunzwa ni bora kuliko Vitz iliyoteswa.

Haya yote mume anaweza kuyapima peke yake, na akayapima vizuri. Mke ana swali moja tu: mtoto akiugua usiku na mashua ikatufikisha Shimoni, nani atatupeleka hospitali ya Msambweni? Gari litakuwa Diani siku sita kwa juma. Kwake yeye, Vitz na March ni sawa sawa, yaani si kitu. Mwenye kuendesha hulinganisha yale yanayoonekana akiwa kwenye usukani. Haoni aliyesimama gatini.

Swali hilo likisikilizwa, hesabu yote hugeuka. Huenda wakaichukua March, zile 60,000 zikampeleka mke shule ya udereva, na gari likalala Shimoni, mume akipanda matatu. Huenda wakaona heri kuwa na mapatano na dereva wa Shimoni, na gari lingoje mwaka mmoja zaidi. Mke naye asifanye fedha za chama kuwa fimbo. Mume anayefika kazini amechoka kwa kubadili matatu ana haja ya kweli.

Majirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi mno kisiwani, husema wazi kwamba mali ya mke ni yake. Sisi husema "vyetu", neno zuri sana, kisha mmoja hushika ufunguo na kitabu cha gari. Sheria ya Kenya ya mali ya wanandoa ya mwaka 2013, ambayo huwaachia Waislamu sheria yao, inahesabu hata kazi za nyumbani na kulea watoto kuwa mchango katika mali. Gari likiandikishwa kwa majina ya wote wawili, inachukuliwa kwamba haki zao ni sawa, mpaka mtu athibitishe vingine.

Basi mume avuke na karatasi ya hesabu kabla ya kutoa hata arubuni. Mke aandike mistari yake chini ya ile ya petroli: nauli ya mashua, usiku wa ugonjwa, ada ya udereva. Muuzaji akipiga simu kusema kuna mteja mwingine anangoja, mwacheni amuuzie. Magari hayajaisha Ukunda.